Nyumba ya familia yenye paa na ukuta wa alumini, mita 600 kutoka baharini

Swali: Nina kiwanja Kigamboni, kiasi cha mita 600 kutoka ufukweni, na ninajiandaa kujenga nyumba ya chini kwa ajili yangu, mama watoto, watoto wetu wanne na mama yangu mzazi. Nimeona picha za nyumba za Ulaya zilizovikwa alumini paa na kuta, rangi ya kijivu cha mkaa, na nimezipenda sana. Bati la jirani yangu, lililoezekwa mwaka 2018, limeshaanza kutoboka kwa kutu. Mama watoto anasema nyumba ya namna hiyo itakuwa tanuri mchana na ngoma wakati wa mvua. Fundi wangu anasema alumini haina kutu kabisa, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi. Nani yuko sahihi, na nyumba hiyo isanifiwe vipi?

Jibu: Katika ubishi huo kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli, ila kipande kidogo kuliko vyote kiko mkononi mwa fundi. Mama watoto anaieleza nyumba ya alumini iliyosanifiwa vibaya, na hiyo kweli huwa hivyo hivyo alivyosema. Wewe unaieleza ile iliyosanifiwa vizuri. Fundi anaieleza nyumba ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu alumini, ingawa haitoi kutu nyekundu ya chuma, huliwa kama madini mengine, na karibu na bahari sehemu inayoliwa kwanza mara nyingi si ile inayopigwa na mvua na jua bali ni ile iliyofichika, pale ilipogusana na kitu kisichopatana nayo au pale chumvi inapotua bila kuoshwa. Kwa hiyo mimi husanifu nyumba ya alumini kwa kuanzia kwenye viungo na njia za hewa. Karatasi zenyewe, rangi yake na sura yake huja baadaye.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba tunazungumzia kitu kimoja. Bati linalouzwa nchini kwa jina la alumini-zinki si alumini: ni chuma kilichopakwa utando mwembamba wa asilimia 55 ya alumini, zinki zaidi ya asilimia 43 na silikoni kidogo. Ni bati zuri, na ningelipendekeza bila kusita Dodoma au Morogoro, lakini karibu na bahari mahali linapokatwa na kutobolewa ndipo chuma hubaki uchi, na watengenezaji wengi hupunguza au huondoa dhamana yao kadiri nyumba inavyosogea ufukweni. Sitashangaa kama bati la jirani yako ni la ukoo huo, au ni lile la zinki peke yake. Namna ya kutofautisha haihitaji maabara. Chukua sumaku ya spika iliyokufa uiweke kwenye sampuli. Ikinata, ni chuma, hata muuzaji akiapa. Bati la alumini halivutwi na sumaku, na ukiliinua utashangaa wepesi wake, kwani mita moja ya ujazo ya alumini ina kilo 2,700 ilhali ya chuma ina kilo 7,850.

Ukishajua kwamba ni alumini yenyewe, uliza aloi, yaani mchanganyiko wa madini uliomo, na unene. Kwa paa la pwani ningetaka aloi ya namba 3004 au ya jamii ya 5000, kama 5052, ambayo ina magnesi na huvumilia chumvi vizuri zaidi, yenye unene wa milimita 0.9, milimita 0.7 ndio mwisho wa kushuka. Taja unene kwa milimita, bila kuhesabu rangi, na usikubali kujibiwa kwa geji, yaani namba ya unene ya dukani, maana geji ya chuma na geji ya alumini hazilingani, na ndimo mteja anapopunjwa bila mtu kusema uongo. Uimara si jambo la kubahatisha: kuba la kanisa la San Gioacchino mjini Rome liliezekwa kwa alumini mwaka 1897 na limepita karne nzima. Kigamboni si Rome, lakini madini ni yale yale.

Sasa nieleze hao majirani wabaya, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea. Kila aliyekulia katika jiko la Kiswahili anaijua tabia ya alumini bila kujua kwamba anaijua. Sufuria ikipikiwa maharage yenye magadi huwa nyeusi ndani. Ikiachwa na maji ya chumvi siku kadhaa hupata vidoa, na vidoa huwa vitobo. Alumini hujilinda kwa utando wa oksidi unaojifanya wenyewe kila inapokwaruzwa, na utando huo hauwezi kustahimili magadi kupita kiasi wala asidi kali. Saruji mbichi na chokaa ni magadi kwa lugha ya kemia. Tone la plasta likidondokea kwenye bati la alumini na kuachwa likauke, hata ukilibandua kesho yake litaacha alama ambayo hakuna sabuni itakayoiondoa.

Jirani wa pili ni shaba, na huyu ni mbaya zaidi. Miaka michache iliyopita niliitwa Bagamoyo kukagua paa la alumini lililokuwa na umri wa miaka sita. Kwa nje lilikuwa zuri, rangi yake imepauka kidogo tu. Nilipopanda darini na tochi niliona nuru inapenya kwa vitobo vya ukubwa wa ncha ya sindano, vimejipanga mstari mmoja mnyoofu kama mshono wa cherehani, kisha mstari mwingine umbali wa mita moja, na mwingine tena. Kila mstari ulifuata papi, ule ubao wa kulala ambao bati hufungwa juu yake. Nilipokwangua kwa ukucha, unga mweupe ulimwagika juu ya mbao, na mbao zenyewe zilikuwa na ule ukijani unaojulikana wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa. Dawa hiyo ina chumvi za shaba. Unyevunyevu wa pwani uliilainisha, shaba ikahamia kwenye bati, na palipo na shaba, alumini na maji ya chumvi pana betri ndogo inayofanya kazi usiku na mchana, na anayelipa umeme wake ni alumini. Fundi alikuwa hakukosea hata skrubu moja. Kosa lilikuwa la mchoro, ambao haukuonyesha kitu chochote kati ya mbao na bati.

Kwa hiyo katika mchoro wako iandikwe wazi kwamba kila papi iliyotiwa dawa itavikwa ukanda wa mpira au utando wa lami juu yake kabla ya bati kulazwa, au papi ziwe za chuma chepesi kilichochovywa zinki, ambayo huishi na alumini kwa amani. Skrubu ziwe za stenlesi zenye washa ya mpira wa EPDM. Misumari ya bati ya kawaida isipande juu ya paa hilo kabisa. Bomba la shaba la kiyoyozi au la hita ya maji ya jua lisitiririshe hata tone juu ya bati, kwa kuwa maji yaliyopita kwenye shaba hubeba ugomvi pamoja nayo. Na fundi asipige mistari ya vipimo kwa penseli. Hili huwachekesha mafundi, lakini risasi ya penseli ni grafiti, nayo hugombana na alumini kama shaba, hata nimewahi kuona mstari wa penseli umechongeka wenyewe kwenye bati la ukutani, namba za fundi zikisomeka vizuri baada ya rangi kubanduka. Atumie kalamu ya wino.

Nije kwenye tanuri. Saa sita mchana jua la Dar es Salaam humimina karibu wati 1,000 katika kila mita ya mraba ya paa, na kwa kuwa mji uko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Huku kwetu paa hupokea joto kuliko ukuta wowote. Ile rangi ya kijivu cha mkaa uliyoipenda ilichaguliwa na watu wanaolitafuta jua; hufyonza sehemu kubwa sana ya mionzi, na bati lake linaweza kufikia nyuzi 70 za selsiasi. Bati jeupe au la krimu, katika saa ile ile, huweza kuwa chini yake kwa nyuzi 20 au zaidi. Watu wengi hudhani kwamba alumini inayong'aa bila rangi ndiyo bora kwa kuwa huakisi jua. Huakisi kweli, lakini joto lile dogo inaloliingiza haiwezi kulitoa, kwa sababu uso unaong'aa ni mchoyo wa kutoa mionzi. Ndiyo maana sufuria inayong'aa huweka chai moto kwa muda mrefu kuliko iliyojaa masizi. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili: huakisi mchana na kutoa joto kwa urahisi jioni. Paa lako liwe jeupe au krimu hafifu, lisilong'aa ili lisimchome jirani machoni, na rangi yake iwe ya aina ya PVDF iliyochomwa kiwandani, ambayo hustahimili jua na chumvi kuliko ya poliesta. Kijivu chako tutakitafutia mahali pengine.

Tabia hiyo ya uchoyo wa mionzi, ambayo ni hasara juu ya paa, ni faida kubwa chini yake. Karatasi ya alumini inayong'aa ikilazwa chini ya bati, ikaachiwa nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 5, hukataa kulipeleka joto darini. Nafasi hiyo ni lazima iwe na mlango wa kuingilia hewa kwenye upenu na mlango wa kutokea chini ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, vyote vikiwa na wavu wa kuzuia popo na panya, ili hewa iliyopashwa na bati ipande na kutoka yenyewe. Karatasi hiyo hufanya kazi ya pili usiku: bati hupoa haraka chini ya anga wazi, unyevu wa bahari hugeuka matone upande wake wa chini, na matone yale huangukia kwenye karatasi na kuteremka hadi kwenye gata badala ya kuchora ramani kwenye dari ya jipsamu.

Wazo la paa lenye tabaka mbili na hewa katikati si geni barani kwetu. Mfaransa Jean Prouvé alibuni nyumba ya alumini kwa ajili ya nchi za joto, akasimamisha moja Niamey mwaka 1949 na mbili Brazzaville mwaka 1951. Vipande vyake vilisafirishwa kwa ndege kutoka Ufaransa, kiunzi cha bati la chuma lililokunjwa, kuta za alumini, paa mbili zinazoachana ili hewa ipite, na baraza kuzunguka pande zote lililokingwa na vibao vya alumini vya kuzuia jua. Ziliishia hizo tatu, kwa kuwa gharama yake haikushindana na ya nyumba za kawaida za mahali pale. (Mwaka 2007 moja iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 5, bei ambayo ingejenga mtaa mzima Kigamboni.) Mimi huchukua kwake vitu viwili, hewa chini ya paa na baraza kubwa, na kumwachia ukuta wake wa alumini mtupu, kwa sababu ukuta wa bloku uliokingwa na jua hupoza chumba vizuri zaidi.

Kuhusu ngoma, mama watoto ana haki, na dawa ipo. Kelele ya mvua huzaliwa na bati linalotetemeka, basi sufi ya kioo ya sentimita 5 chini ya karatasi ya alumini, papi zilizosogezwa karibu karibu na dari ya jipsamu ya milimita 12 iliyofungwa kwenye kiunzi chake yenyewe hufanya mvua ya masika isikike bila kuwakatiza watu mazungumzo. Mama yako huenda akapenda isikike kidogo. Wazee wengi hulala vizuri zaidi wakiisikia.

Wepesi wa alumini, unaowafurahisha wote wanaoipandisha, una upande wake wa pili. Bati la milimita 0.9 halifikii kilo 3 kwa mita ya mraba, ilhali upepo wa kilomita 120 kwa saa huleta shinikizo la karibu kilo 70 kwa mita hiyo hiyo, na kwenye pembe na kingo za paa mvuto wa kwenda juu huwa mkubwa zaidi. Kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024 kilitukumbusha kwamba hatuko nje kabisa ya njia ya vimbunga. Paa jepesi halibaki mahali pake kwa uzito. Hubaki kwa kufungwa. Kila kenchi ifungwe kwenye lenta, ule mshipi wa zege juu ya kuta, kwa mkanda wa chuma au nondo zilizoachwa wakati wa kumwaga zege, papi zifungwe kwenye kenchi kwa skrubu na si kwa misumari mitupu, na nafasi kati ya papi iwe sentimita 90 katikati ya paa na 60 kwenye upenu, kofia na pande za mwisho, kwa kuwa ukakamavu wa alumini ni theluthi moja tu ya ule wa chuma. Mhandisi wako athibitishe vipimo hivyo kwa kenchi zenu halisi.

Vilevile alumini hutanuka kwa joto maradufu ya chuma. Chukua bati la mita 7, urefu ambao nyumba yako itahitaji kutoka kofia hadi upenu wa baraza. Kati ya saa kumi alfajiri na saa saba mchana joto lake huweza kupanda kwa nyuzi 50, nalo hurefuka kwa milimita 8 na kitu, kisha jioni hurudi. Likifanya hivyo kila siku ya mwaka likiwa limebanwa kwa skrubu zilizojaa tundu, matundu huchanika polepole na kuwa mapana, na uvujaji ambao fundi atakuja kuuziba kwa silikoni kila masika hautakwisha. Matundu yatobolewe mapana kuliko skrubu kwa milimita 3 hivi, washa pana ya mpira iyafunike, na bati libanwe imara upande wa kofia tu ili upande wa upenu uweze kuteleza. Ukiweza kupata bati linaloshikwa kwa vibanio vya chini bila kutobolewa, ni bora zaidi, lakini uwe na uhakika kwamba fundi ameshaliezeka kabla yako.

Ukuta nao. Hapa nitakupinga waziwazi: usiivike nyumba nzima. Ukuta wa kaskazini na wa kusini, chini ya upenu mpana, haupigwi na jua kiasi cha kuhitaji vazi, na alumini iliyoko kivulini chini ya upenu ndiyo isiyooshwa na mvua, hivyo chumvi hujikusanya juu yake. Vazi linastahili ukuta wa magharibi, ambao jua la alasiri huupika, na ule wa mashariki kwa kiasi. Hapo ndipo nakurudishia kijivu chako, kwa sharti kwamba kati ya bati na bloku patakuwa na pengo la hewa la sentimita 5 lililo wazi chini na juu. Joto litakalofyonzwa na rangi nyeusi litaipandisha hewa ya pengoni na kuitoa juu kabla halijaufikia ukuta, na chumba cha nyuma yake hakitajua sana kwamba vazi ni jeusi.

Ukuta wa bloku upigwe plasta kwanza na uachwe siku 28 ukauke, upakwe kizuia maji, ndipo vishikizo vifungwe, kila kimoja kikiwa na kipande cha plastiki kati yake na ukuta, kisha reli za wima, kisha bati lenye migongo. Nasisitiza bati lenye migongo, kwa sababu karatasi bapa nyembamba hukunjamana kwa joto na kuonekana kama maji yanayopigwa na upepo. Ukitaka ubapa ule wa kwenye picha za Ulaya lazima upande hadi milimita 2 au 3, na bei itapanda nayo. Vazi lianzie mita 1 juu ya ardhi. Chini yake pawe plasta ngumu au mawe ya matumbawe, kwanza kwa sababu ya mpira wa watoto, maana alumini hubonyea na haibonyoki tena, pili kwa sababu bati la kijivu upande wa magharibi saa tisa alasiri huunguza kiganja cha mtoto anayeliegemea.

Fundi au muuzaji atakuletea pia mbao bapa za milimita 4 ambazo wengi huziita Alucobond hata zinapotoka kiwanda kingine. Hizo ni karatasi mbili za alumini za nusu milimita zilizobana kitu katikati, na swali la pekee la kuuliza ni kitu gani hicho. Kikiwa plastiki ya poliethilini tupu, umevika nyumba mafuta yaliyoganda. Jengo la Grenfell Tower mjini London liliwaka Juni 14, 2017, watu 72 wakafa, na uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba mbao za namna hiyo ndizo zilizoueneza moto ukutani. Nyumba yako ni ya chini na mlango uko karibu, lakini jiko la mkaa la nje huegemezwa ukuta gani? Kama unazitaka, dai zenye tumbo la madini lisilowaka na uone cheti chake. La sivyo, bati tupu linatosha, kwa kuwa alumini yenyewe haishiki moto katika hali ya nyumbani, ingawa huyeyuka kwa nyuzi 660, kama anavyojua yeyote aliyesahau sufuria tupu jikoni.

Mpangilio wa nyumba yenyewe nitaupitia kwa ufupi, maana mbunifu wako atauchora akiwa amekiona kiwanja. Urefu wa nyumba uelekee mashariki na magharibi, tuseme mita 14 kwa 9, ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini na pepo za kaskazi na kusi zipenye vyumbani. Paa la migongo miwili ya nyuzi 15 lishuke hadi kufunika baraza la mita 2 pande zote mbili ndefu. Baraza hilo ndilo sebule halisi ya familia ya watu saba jioni, na mama yako awe na chumba kinachofungukia humo bila ngazi. Madirisha ya kuteleza, ambayo mafundi alumini wetu wanayapenda mno, hufunguka nusu tu. Vyumbani weka yanayofunguka yote au ya luva. Upande wa magharibi upange vyoo, stoo na jiko, vyumba ambavyo hakuna anayelala.

Mambo madogo matatu yanayosahauliwa. Alumini huzuia mawimbi ya simu, hivyo usishangae mtandao ukidhoofu ndani; madirisha mapana ya pande ndefu yatasaidia. Paa liunganishwe na ardhi kwa ajili ya umeme na radi, na kwa kuwa waya wa ardhi ni wa shaba, kiungo kiwe cha aina maalumu ya kuunganisha shaba na alumini, kikae upenuni mahali panapoonekana. Na sehemu za alumini zisizofikiwa na mvua, chini ya upenu na nyuma ya gata, zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya miezi mitatu. Visima vingi vya Kigamboni vina maji ya chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza ugonjwa. Tumia maji ya paa lenyewe: paa la mita za mraba 200 hutoa lita 2,000 kwa mvua ya milimita 10, ukishamwaga yale ya mwanzo yanayobeba vumbi.

Ukiona bajeti inakaza, usipunguze unene wa bati la paa ili upate vazi la ukuta. Paa kamili na baraza vije kwanza, familia ihamie, na ukuta wa magharibi uwe na plasta nyeupe miaka miwili mitatu. Vishikizo vinaweza kufungwa wakati wowote baadaye bila kuvunja kitu. Michoro ipitiwe na mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, nawe umwombe akuchoree kwa ukubwa halisi viungo vinne: upenu, kofia, papi na bati, na mwanzo wa vazi la ukuta. Kwa kalenda, lenta na kenchi ziwe zimekamilika kabla ya mwisho wa Januari ili kuezeka kumalizike masika hayajaingia Machi. Plasta ya ndani itafuata chini ya paa, na ile ya nje, karibu na upenu, ipigwe bati na gata vikiwa vimefunikwa kwa nailoni, huku kibarua mmoja akiwa na ndoo ya maji na sifongo, asiye na kazi nyingine siku hiyo isipokuwa kufuta kila tone la saruji kabla halijakauka.